Bagika na Bagalu: Shindano la Nyimbo la Bujora na Yale ya Televisheni

Mashindano ya ngoma ya Bulabo hufanyika kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, huko Bujora, mahali penye mawe makubwa karibu na mji mdogo wa Kisesa, wilayani Magu, kilomita zipatazo 20 kutoka jijini Mwanza kwa barabara ya Musoma. Mavuno yakishaingia ghalani na mashamba yakibaki na mabua, vikundi vya nyimbo na ngoma vya Wasukuma hukutana hapo kupimana nguvu mbele ya umati. Tanzania ina mashindano mengi ya nyimbo, ya kwaya, ya bendi, ya shule na sasa ya televisheni, lakini ni machache yenye mizizi mirefu kama haya. Ushindani unaoonekana Bujora ulikuwapo kabla ya redio, kabla ya reli kufika Mwanza na kabla ya Wajerumani kuikalia nchi.

Ushindani huo umegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, ambao magazeti ya Kiswahili huwaita Wagika na Wagalu. Masimulizi ya wazee yanawataja waasisi wawili walioishi katikati ya karne ya 19. Mmoja ni Ngika, aliyewaachia Bagika jina lake, na wa pili ni Gumha, mwasisi wa Bagalu. Wote wawili walikuwa mafundi wa kucheza na waganga waliozijua dawa za ngoma. Kila mmoja alitaka ijulikane kwamba ngoma yake ndiyo inayovuta watu na dawa yake ndiyo yenye nguvu, na hapakuwa na njia ya kulimaliza jambo hilo ila kucheza siku moja, mahali pamoja, na watu wachague. Wafuasi wao waliurithi ushindani huo. Hadi leo mcheza ngoma aliyefunzwa vizuri anaweza kuitaja nasaba ya walimu wake, fundi baada ya fundi, mpaka akamfikia Ngika au Gumha.

Kujiunga na upande mmoja si jambo la kuvaa sare tu. Mwanafunzi hupata mwalimu, hufundishwa nyimbo na mwendo wa ngoma, huchanjwa dawa, na hufunzwa miiko ya kikundi. Kwa hiyo kikundi cha ngoma cha Kisukuma ni chuo pia. Ndani yake mna elimu ya mitishamba, ya wanyama, ya historia ya koo na ya utunzi, na elimu hiyo hupita kwa mdomo na kwa mazoezi. Anayewaona wachezaji uwanjani kwa saa chache haoni miaka ya mafunzo iliyotangulia.

Utaratibu wa shindano ni rahisi kuueleza na mgumu kuushinda. Vikundi viwili, kimoja cha Bagika na kimoja cha Bagalu, huingia uwanja mmoja na kuanza wakati mmoja, kila kimoja kwenye duara lake, si mbali na mwenzake. Ngoma zinalia pamoja, mamanju, yaani viongozi wa nyimbo, wanaimba pamoja, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Anayeona upande huu umepoa huhamia ule. Akisikia vigelegele nyuma yake hurudi. Saa zinapita, duara moja linanenepa na jingine linakonda, na mwisho wa yote kikundi kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Kwa utaratibu huo wa asili hakuna jopo la majaji wala karatasi ya alama. Umati ndio mwamuzi, na hukumu yake inaonekana kwa macho tangu dakika ya kwanza, kwa watazamaji na kwa wachezaji vilevile.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwimbaji anayesubiri matokeo yatangazwe jioni hana la kufanya akishamaliza wimbo wake. Manju wa Bujora huona watu wakimwacha wakati angali anaimba, naye ana nafasi ya kubadili. Atakatisha wimbo na kuleta mwingine, ataongeza kasi ya ngoma, au atamtoa mchezaji aliyekuwa amemficha. Shindano lote ni mazungumzo ya saa nyingi kati ya kikundi na watu. Ndiyo maana kikundi hakiji na wimbo mmoja bali huja na akiba.

Akiba yenyewe ni ya namna nyingi. Wapo wanaopindua miili na kurusha majembe hewani. Wapo wanaokuja na vinyago vya mbao vyenye viungo vinavyochezeshwa ili watu wacheke au washangae. Wengine huja na wanyama, na hakuna kinachohamisha umati haraka kama chatu aliyeviringishwa shingoni mwa mchezaji. Vazi huchaguliwa kwa uangalifu: manyoya, njuga, ngozi, kofia za ajabu, mara nyingine miwani na koti la kizungu kwa ajili ya kejeli. Kila kitu kimepangwa kujibu swali moja: huyu aliyesimama katikati ya maduara mawili, tumvuteje aje kwetu?

Wachezaji wenyewe wataongeza jibu jingine, nalo ni dawa. Dawa ya kuvuta watu huitwa samba, na kila upande unaamini kwamba yake ndiyo inayoufanya umati ugeuke. Zipo pia dawa za kujikinga na hila za wapinzani, na siku za kabla ya shindano ni siku za maandalizi ya siri. Asiyeamini dawa anaweza kulitazama jambo hili kwa namna nyingine bila kulidharau. Kikundi kilichofuata miiko, kilichokesha pamoja na kuingia uwanjani kikiwa na hakika kwamba hakiwezi kushindwa, huimba tofauti na kikundi chenye mashaka. Kwa vyovyote vile, historia ya Bagika na Bagalu haiwezi kusimuliwa bila uganga, kwa sababu waasisi wake walikuwa waganga na walishindania dawa sawasawa na walivyoshindania ngoma.

Ngoma zinazochezwa zinatofautiana kulingana na kazi zilizozizaa. Banungule walikuwa wawinda nungunungu. Bayeye ni wajuzi wa nyoka, wanaowakamata, wanaozijua dawa za sumu yao na kucheza nao hadharani. Wigashe huimbwa watu wakiwa wamekaa, wakiyumba kwa pamoja, na humo sauti ndiyo yenye kazi kubwa kuliko miguu. Lakini ngoma ambayo imebeba jina la Wasukuma mbali kuliko zote ni bugobogobo, ngoma ya jembe.

Bugobogobo ilizaliwa shambani. Vijana wa kijiji walijiunga kulima kwa zamu mashamba ya watu, na mwenye shamba aliwalisha au kuwalipa. Ngoma kubwa ilipigwa pembeni mwa shamba, na majembe yalipanda na kushuka kwa kuifuata. Ngoma ikikaza, jembe linakaza. Wimbo uliufanya mgongo usahau maumivu, na pia uliwaumbua wavivu, kwa sababu aliyebaki nyuma ya mstari alionekana na wote na pengine akatungiwa ubeti. Mtafiti wa muziki Frank Gunderson, aliyefanya kazi ya miaka mingi Usukumani, alikusanya nyimbo za kazi za namna hii katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 2010. Baadaye jembe lilihama kutoka shambani kwenda uwanjani. Wachezaji walianza kulirusha, kulizungusha na kulidaka, na bugobogobo ikawa ngoma ya jukwaa. Imefundishwa kwa vizazi vya wanafunzi katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ambao wengi wao si Wasukuma na hawakuwahi kulima pamba.

Katikati ya yote haya yupo manju, ambaye Wasukuma humwita ningi. Yeye ndiye mtunzi, mwimbishaji na mara nyingi kiongozi wa kikundi. Nyimbo anazokuja nazo Juni ni zile alizozitunga kwa ajili ya msimu huo. Manju anayerudia nyimbo za mwaka jana anawapa watu sababu ya kuhamia kwa mwenzake, na anayeimba nyimbo za mwingine ni kama ametangaza kwamba amekwisha. Humo ndani hujisifu, hutaja walimu wake, humsuta mpinzani kwa jina, na hueleza habari za mwaka: mvua iliyokosekana, bei ya pamba, ndoa zilizovunjika, viongozi wanaosifiwa na wanaoonywa. Katika miaka ya 1950, Paul Bomani alipowaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika vyama vya ushirika, na serikali ya kikoloni ilipoyapiga marufuku matawi ya TANU katika eneo hilo, mamanju walikuwa miongoni mwa watu waliozisambaza habari hizo vijijini. Wimbo mzuri ulipita kutoka Magu hadi Maswa bila karatasi.

Bujora kuwa makao ya mashindano haya ni kazi ya padri mmoja kutoka Quebec, Kanada, David Clement wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao Watanzania wengi huwaita White Fathers kwa kanzu zao nyeupe. Aliianzisha parokia ya Bujora katika miaka ya 1950. Wamisionari wengi wa wakati huo waliziona ngoma za jadi, hasa zenye dawa, kama kitu cha kupigwa vita. Clement alifuata njia nyingine. Alijifunza Kisukuma, akakaa na wazee, akaunda kamati ya kutafiti mila, na akajenga kanisa la duara lililofuata sura ya nyumba ya Kisukuma, altare yake ikichukua alama za utemi, yaani uchifu. Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo maandamano yake hupambwa kwa maua, iliitwa Bulabo, yaani maua, na ikaunganishwa na msimu ule ule ambao tangu zamani vikundi vilikuwa vikishindana baada ya mavuno. Misa asubuhi, kisha ngoma.

Uamuzi huo haukuwa mdogo. Ungeweza kuzaa ngoma zilizofugwa, zilizoondolewa meno ili zisimkwaze mtu kanisani. Haikuwa hivyo. Bagika na Bagalu waliingia Bujora na ushindani wao wote, na uwanja wa kanisa ukawa mahali pa kuutunza. Mwaka 1968 yalifunguliwa makumbusho ya Wasukuma, ambayo bado yapo chini ya Jimbo Kuu la Mwanza. Humo kuna jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, linalohifadhi vitu vya enzi za utemi, zikiwamo ngoma za kifalme. Lipo jengo la vyama vya ngoma, lenye mavazi, vinyago na vifaa vya Bagika na Bagalu. Ipo nyumba ya mhunzi, ya mganga, na mji wa Kisukuma uliojengwa kama ulivyokuwa. Eneo la Kisesa limeendelea kuwa kitovu cha mila hata kwa mambo ya kitaifa: tarehe 8 Septemba 2021, katika tamasha la utamaduni lililofanyika hapo, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan na kumpa jina la Hangaya.

Wasukuma hawako peke yao katika kupenda ushindani wa nyimbo. Pwani nzima, tangu Lamu hadi Lindi, vyama vya beni viligawanyika kati ya Marini na Arinoti tangu enzi za Wajerumani na Waingereza, vikishindana kwa gwaride, sare na mashairi ya kusutana. Zanzibar, wapenzi wa Akhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, na wale wa Culture Musical Club wamevutana kwa miongo. Dar es Salaam iligawanyika kati ya bendi za Msondo na Sikinde kama inavyogawanyika kati ya timu za Simba na Yanga. Mwaka 2000, Gunderson na mwenzake Gregory Barz walihariri kitabu kizima juu ya jambo hili, kikachapishwa na Mkuki na Nyota, na hata jina lake wakalipa kwa Kiswahili: Mashindano. Katika ukanda huu, kikundi kisicho na mpinzani ni vigumu kukua.

Ulaya ililifikia jambo hilohilo kwa njia ya mitambo. Mwaka 1956, umoja wa mashirika ya utangazaji ya Ulaya uliandaa shindano la nyimbo kati ya nchi katika mji wa Lugano, Uswisi. Zilishiriki nchi 7, kila moja na nyimbo mbili, na Uswisi wenyewe wakashinda kupitia Lys Assia. Shindano hilo, Eurovision, limekua hadi kutazamwa na mamilioni ya watu. Kanuni zake mbili zinamhusu sana anayeijua Bujora. Kwanza, wimbo lazima uwe mpya, usiotolewa kibiashara kabla ya msimu huo. Pili, watu wa nchi fulani hawaruhusiwi kuipigia kura nchi yao. Kwa miaka mingi majopo ndiyo yaliyotoa alama. Kura za simu zilijaribiwa katika nchi tano mwaka 1997 na kuenea mwaka uliofuata. Nchi za Afrika Mashariki haziwezi kuingia, kwa kuwa mlango uko wazi kwa mashirika ya utangazaji yaliyo wanachama wa umoja huo. Kutoka bara la Afrika ni Morocco tu iliyowahi kushiriki, nayo mara moja, mwaka 1980.

Hata hivyo Kiswahili kilifika huko. Mwaka 2011, Stella Mwangi, aliyezaliwa Nairobi na kuhamia Norway akiwa mtoto, alishinda mchujo wa nchi hiyo kwa wimbo uitwao Haba Haba na kuiwakilisha Norway mjini Düsseldorf, Ujerumani. Wimbo ulikuwa wa Kiingereza, lakini kiitikio chake kilikuwa na maneno ya Kiswahili, ya kwanza kusikika katika Eurovision. Huko Norway wimbo uliongoza chati. Mjini Düsseldorf haukuvuka nusu fainali. Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki ilikuwa furaha ya namna yake kuusikia msemo wa nyumbani ukiimbwa mbele ya Ulaya yote, hata kama bendera iliyopepea haikuwa ya kwao.

Shindano la televisheni ambalo Tanzania ilishiriki kama nchi, msimu hadi msimu, ni Tusker Project Fame. Lilianza mwaka 2006 likidhaminiwa na kampuni ya bia ya Afrika Mashariki, likiwa na makao Nairobi. Washiriki kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, na baadaye Rwanda, Burundi na Sudan Kusini, waliishi pamoja kwa wiki kadhaa katika nyumba yenye kamera, wakifundishwa sauti na uchezaji, na kila wiki waliimba mbele ya majaji. Ian Mbugua wa Kenya na Juliana Kanyomozi wa Uganda ndio majaji waliokumbukwa zaidi. Watazamaji walipiga kura kwa ujumbe mfupi wa simu, na waliokosa kura walifungasha mizigo.

Washindi walikuwa Valerie Kimani wa Kenya mwaka 2006, Esther Nabaasa wa Uganda 2008, Alpha Rwirangira wa Rwanda 2009, Davis Ntare wa Uganda 2010, Ruth Matete wa Kenya 2012 na Hope Irakoze wa Burundi 2013. Misimu sita, na Tanzania haimo. Haikukosa watu wenye uwezo. Nakaaya Sumari alikuwa miongoni mwa washiriki wa kwanza mwaka 2006 na aliendelea kuwa msanii mwenye jina. Peter Msechu, mtoto wa Kigoma, alifika hatua ya mwisho mwaka 2010 na kumaliza wa pili. Wakati huohuo, nje ya nyumba ile, muziki wa Tanzania ndio uliokuwa ukitamba: Bongo Fleva ilipigwa Nairobi, Kampala, Bujumbura na Lubumbashi, na watu wasiojua vizuri Kiswahili waliziimba nyimbo zake.

Kuna anayeeleza kushindwa huko kwa hesabu ya kura, kwamba wenyeji wa Nairobi walikuwa na watazamaji wengi na mazoea ya kupiga kura. Hoja hiyo inavunjwa na Burundi, nchi ndogo yenye simu chache kuliko Tanzania, iliyobeba taji la mwisho. Sababu yenye nguvu zaidi iko katika muundo wa shindano. Washiriki wa Project Fame waliimba hasa nyimbo za watu wengine, zile ambazo wanamuziki wa bendi huziita kopi, na nyingi zilikuwa za Kiingereza, za wasanii wa Marekani na Uingereza. Kinachopimwa hapo ni sauti, matamshi, umahiri wa kuiga na ujasiri wa jukwaani. Vyote ni vipaji halali. Lakini nguvu ya muziki wa Tanzania, tangu kwa mamanju hadi kwa vijana wa Bongo Fleva, iko katika utunzi wa Kiswahili: neno jipya, fumbo, kisa, ucheshi, majina ya watu na mitaa. Shindano lisilopima utunzi huo lilimpima mshiriki wa Kitanzania kwa kitu ambacho si fani yake kuu. Wasanii waliolitangaza jina la nchi zaidi, kama Diamond Platnumz, walijengwa na nyimbo zao wenyewe.

Nyumbani, Bongo Star Search, inayoongozwa na Rita Paulsen, ilifuata mfumo kama huo tangu katikati ya miaka ya 2000, lakini ilikuwa na jambo moja lililoipa maana Kanda ya Ziwa: usaili wake ulizunguka mikoani. Mwanza ilipata nafasi ya kupeleka watu, na ikapeleka washindi. Mwaka 2008 taji lilikwenda kwa Misoji Nkwabi, jina ambalo Msukuma yeyote hulitambua kuwa la nyumbani. Mwaka 2009 lilikwenda kwa Paschal Cassian wa Mwanza, aliyempita Peter Msechu huyohuyo ambaye mwaka mmoja baadaye angekaribia taji la Afrika Mashariki. Mshindi wa mwaka 2013, Emmanuel Msuya, naye alitoka Mwanza. Itakuwa kutia chumvi kusema kwamba Bulabo ndiyo iliyowafunza. Lakini si ajabu kwamba eneo ambalo kijana hukua akiona watu wakiimba kwa ajili ya kushinda, mbele ya umati usio na huruma, linatoa waimbaji wasioogopa jukwaa.

Ushindi wa kimataifa ulipokuja, ulikuja kwa njia ya simu. Airtel Trace Music Star lilikuwa shindano la nchi kadhaa za Afrika ambalo mtu aliingia kwa kupiga simu na kurekodi sauti yake. Fainali ya bara ilifanyika Naivasha, Kenya, mwaka 2015, mwimbaji wa Marekani Akon akiwa miongoni mwa majaji, na aliyeshinda ni Mtanzania, Nalimi Mayunga. Hilo nalo ni jina la Kisukuma. Habari zake zilidumu magazetini kwa muda mfupi kuliko zilivyostahili. Nchi iliyolalamika kwa miaka juu ya Project Fame ilipata taji la bara zima na haikulishangilia inavyopaswa.

Kura ya simu na kura ya uwanjani zina tofauti ambayo waandaaji wa mashindano ya leo wangefaa kuipima. Ujumbe mfupi unagharimu fedha, na mtu mmoja anaweza kutuma mara nyingi, hivyo mwenye ndugu wenye uwezo ana faida. Katika duara la Bujora kila mtu ana mwili mmoja, na mwili huo hauwezi kuwa kwa Bagika na kwa Bagalu kwa wakati mmoja. Tena anayepiga kura ya simu hupenda kumpigia wa kwao, na pasipo kanuni kama ile ya Eurovision hakuna kinachomzuia. Bujora pia wapo mashabiki wa kuzaliwa, lakini shabiki wa Bagalu anayesikia kicheko kikubwa upande wa pili hushindwa kujizuia kwenda kuchungulia, na akiisha kwenda amekwisha kuhesabiwa huko.

Televisheni nayo haiko mbali na uwanja huu. Star TV ilizaliwa Mwanza, sambamba na Radio Free Africa, na ngoma za Kisukuma zimepata nafasi hewani tangu mwanzo wa vituo hivyo. Sasa kazi kubwa inafanywa na simu za mkononi. Vijana husimama ukingoni mwa duara wakirekodi, na kabla jua halijazama vipande vya shindano vimekwisha kufika kwa Wasukuma walioko Dar es Salaam, Mbeya, Katavi na ng'ambo. Waimbaji wa Kisukuma wa kizazi hiki, kama Budagala Mwanamalonja, wana wasikilizaji wengi mtandaoni ambao hawajawahi kukanyaga Kisesa. Mamanju wameliona hilo na wanalifanyia kazi: nyimbo zinafupishwa, mavazi yanatengenezwa yakijua kwamba kuna kamera, na anayetajwa katika wimbo hujulikana mikoa mitano siku hiyohiyo.

Anayetaka kuona mwenyewe hupanda daladala la Kisesa kutoka Mwanza mjini, kisha humalizia sehemu fupi iliyobaki kwa bodaboda au kwa miguu. Makumbusho yako wazi mwaka mzima. Bulabo hufuata tarehe ya sikukuu ya Ekaristi, ambayo husogea kila mwaka kulingana na Pasaka na kwa kawaida huangukia Juni, kwa hiyo ni vema kuulizia mapema parokiani. Ngoma huanza kupamba moto baada ya adhuhuri, na mahali pazuri pa kusimama ni katikati ya maduara mawili, pale ambapo vikundi vyote viwili vinamwona mgeni na kumwania.